Siku moja Luxor: ng'ambo makaburini, Karnak, au Dendera na Abydos?

Ukiulizia ziara ya siku moja Luxor, kusini mwa Misri, utaletewa karatasi nne zinazofanana kama mapacha. Zote zina sura ya dhahabu ya farao Tutankhamun, zote zinaahidi chakula cha mchana, na karibu zote zinajinadi kwa idadi ya vituo: vitano, sita, hata vinane. Mimi na mama mdogo tulizitandaza mezani hotelini jioni nzima, yeye na miwani yake, mimi na kalamu, tukawa tunahesabu vituo kama watu wanaonunua nazi kwa fungu: lenye nyingi ndilo nafuu. Hilo lilikuwa kosa letu la kwanza.

La pili lilikuwa la lugha. Dereva alipiga simu usiku, Kiingereza chake na Kiarabu changu vikagongana, nikampa simu mama mdogo aliyesoma chuoni Tanga enzi za utoto wake. Akasikiliza, akasema "tayyib", akakata. "Kesho saa sita," akanitafsiria. Tukalala kwa raha. Kumbe Mmisri akikwambia "es-saa sitta" anahesabu kuanzia usiku wa manane. Sita yake ni saa kumi na mbili yetu ya asubuhi. Neno lilelile, wakati mwingine kabisa. Mtu wa mapokezi alikuja kutugongea mlango, tukatoka saa moja u nusu, mama mdogo akijifunga mtandio ndani ya lifti. Tulipofika Bonde la Wafalme ilikuwa karibu saa tatu na mabasi yalishajipanga.

Naisimulia aibu hii mapema kwa sababu ndiyo iliyonifundisha kulinganisha ziara hizi. Vituo ni vya kwenye karatasi. Kinachonunuliwa hasa ni dakika unazosimama mahali ukitazama, na dakika za saa kumi na mbili asubuhi si sawa na za saa nne.

Ile ya pande zote mbili

Mto Nile umeukata Luxor vipande viwili. Mashariki, jua linakotoka, ndiko uliko mji wenyewe, stesheni ya treni, na mahekalu ya Karnak na Luxor. Magharibi, jua linakozama, ndiko Wamisri wa kale walikozika wafalme wao na kuwajengea mahekalu ya ibada za baada ya kifo. Mama mdogo alikuita huko "ng'ambo" tangu siku ya kwanza, na jina likakaa.

Ziara inayouzwa sana hukupitisha pande zote mbili kati ya saa moja asubuhi na saa kumi jioni. Ni saa tisa. Toa moja ya chakula. Toa dakika arobaini za duka la vinyago vya alabasta, ambalo kwenye karatasi halimo lakini njiani limo. Toa saa mbili za barabarani, maana basi halipandi pantoni. Linazunguka hadi darajani, kusini mwa mji. Toa foleni, vyoo na kusubiriana. Hubaki saa nne na nusu hivi, za kugawanya kwa vituo sita, na Karnak peke yake inazitaka mbili.

Inamfaa nani? Aliyetoka Hurghada, mji wa pwani ya Bahari ya Shamu, kwa basi alfajiri na lazima arudi usiku, au mwenye meli inayong'oa nanga jioni ileile. Hao hawana siku nyingine, basi. Mwingine yeyote nashauri aiache.

Ng'ambo peke yake

Kama una siku moja tu na uko huru nayo, hii ndiyo yangu. Lakini iwe na mpangilio wako, usiukubali ule wa karatasi.

Anza na Bonde la Wafalme, linalofunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Makaburi yanayojulikana humo yanazidi 60, ila huachwa wazi machache kwa zamu ili michoro ipumzike na pumzi na jasho letu. Tiketi ya kawaida hukuingiza makaburi matatu unayochagua. Tutankhamun ana tiketi yake, Seti wa Kwanza ana yake, na kaburi la Ramses wa Tano na wa Sita lina yake. Hapa ndipo ziara mbili za bei moja zinapotofautiana bila kusema. "Viingilio vimo" maana yake karibu siku zote ni ile tiketi ya kawaida tu.

Je, ulipie Tutankhamun? Kaburi lake ni dogo, vyumba vinne, na kuta zilizochorwa ni za chumba kimoja. Hazina aliyoikuta Howard Carter mwaka 1922 haimo. Iko Giza, kwenye Jumba Kuu la Makumbusho la Misri lililofunguliwa rasmi Novemba 2025. Kilichobaki bondeni ni yeye mwenyewe, mwili mweusi mkavu ndani ya sanduku la kioo, nyayo zake zinaonekana. Mimi ningeiacha. Mama mdogo alilipia, akasimama kwenye kile kioo muda mrefu, akatoka kimya. Nje akasema, "Mtoto wa watu, amebaki peke yake, vitu vyote wamechukua." Kwa hiyo sisemi kwamba haifai. Nasema ukiwa na pesa ya nyongeza moja tu, ipeleke kwa Ramses wa Sita. Dari ya chumba chake cha maziko imechorwa mungu wa anga, Nut, mara mbili, mgongo kwa mgongo, mwili wake umenyooka kutoka ukuta hadi ukuta. Jioni anameza jua, usiku linapita tumboni mwake, alfajiri analizaa. Unainua shingo, na ile hadithi ya kwa nini walizika magharibi huhitaji tena kuambiwa.

La Seti wa Kwanza ni kati ya yale marefu na ndilo zuri kuliko yote, limezama zaidi ya mita 130 mlimani. Belzoni, Mtaliano aliyewahi kujipatia riziki kwa maonyesho ya nguvu jukwaani, aliliingia mwaka 1817, na jeneza la jiwe la mfalme likaishia London. Lakini kiingilio chake ni kikali na ngazi ni nyingi. Kwa magoti ya mama mdogo tulichagua Ramses wa Nne, njia pana inayoteremka polepole bila ngazi za kuumiza, na Ramses wa Tisa. Mimi nilikimbia peke yangu kwa Thutmose wa Tatu, ambako unapanda ngazi za chuma ubavuni mwa jabali kisha unateremka tena gizani hadi chumba chenye umbo la yai. Watu waliochorwa humo ni vijiti vitupu, mstari wa kichwa, mstari wa mkono, kama mwandishi aliyekuwa na haraka amekunjua karatasi kubwa ukutani. Nilitoka shati limelowa. Saa kumi na mbili ningetoka nimekauka, na ningekuwa peke yangu.

Ukitoka bondeni, ubavu wa pili wa mlima uleule kuna hekalu la Hatshepsut, mwanamke aliyetawala kama farao karne ya 15 KK. Mahali panaitwa Deir el-Bahari, na hapo msomaji wa Kiswahili hujikwaa kwa furaha: bahari iko wapi jangwani? Kwa Wamisri "bahari" ni upande wa kaskazini, upande iliko bahari ya Mediterania. Jina lote ni "nyumba ya watawa ya kaskazini". Wageni wengi hupanda moja kwa moja hadi sebule ya juu, wakapiga picha, wakashuka. Wewe ishia sebule ya kati, mkono wa kushoto. Hapo ukutani imechongwa safari ya merikebu zake kwenda nchi ya Punt, kuleta manemane, ubani, dhahabu na nyani. Wataalamu wengi huiweka Punt upande wa Pembe ya Afrika, pwani ya Bahari ya Shamu. Nyumba za huko zina umbo la kuba, zimesimama juu ya nguzo, na kila moja ina ngazi yake. Miti ya manemane inapakiwa na mizizi yake ndani ya makapu. Chini ya merikebu mchongaji amejaza maji na viumbe wake, na mama mdogo, mtoto wa Tanga, akasogea hadi pua ikagusa kamba ya kizuizi: "Yule si kamba koche? Na huyu ngisi!" Mwongozaji alikuwa keshatangulia kwenye kivuli.

Tukafika penye uamuzi wenyewe. Karatasi nyingi zikimaliza kwa Hatshepsut hukupeleka duka la alabasta, kisha sanamu mbili za Memnon, kisha chakula. Sanamu ni za kweli na ni kubwa, mita 18 hivi, Amenhotep wa Tatu ameketi mara mbili mbele ya hekalu lililokwisha kuporomoka. Zipo kando ya barabara, hazina kiingilio, dakika kumi zinatosha. Omba lile duka libadilishwe liwe Deir el-Medina, na umalizie Medinet Habu. Mwenye ziara atanung'unika kwa sababu dukani ana kamisheni yake. Mpe cha kumtuliza, ubadilishe.

Deir el-Medina ni kijiji cha mafundi waliochimba na kuchora yale makaburi ya bondeni. Misingi ya nyumba zao bado ipo, chumba nyuma ya chumba, njia katikati haina upana wa mikono miwili iliyonyooshwa. Juu yake kuna makaburi waliyojichimbia wenyewe siku za mapumziko. La Sennedjem unaliingia umeinama, ngazi zimesimama kama za kisima, na mama mdogo alibaki juu. Chini ni chumba kimoja kidogo chenye dari ya mviringo, rangi ya njano ya kiini cha yai, mbichi kana kwamba fundi ameenda kula atarudi. Ukutani Sennedjem analima akhera na ng'ombe wawili wenye mabaka, mkewe nyuma yake anatupa mbegu, wote wawili wamevaa nguo nyeupe za sikukuu ambazo hakuna mkulima angezivaa shambani. Kwangu chumba hicho kinashinda nusu ya bonde.

Mafundi hao ndio waliofanya mgomo wa kwanza wa wafanyakazi ulioandikwa duniani. Ilikuwa mwaka wa 29 wa utawala wa Ramses wa Tatu, posho ya nafaka imechelewa, wakaweka zana chini wakaenda kuketi kwenye mahekalu. Mafunjo yaliyo Turin, Italia, yanasema walilalamika kwamba njaa na kiu ndizo zilizowaleta: hakuna nguo, hakuna mafuta, hakuna samaki, hakuna mboga. Sasa enda Medinet Habu, mwendo mfupi tu kwa gari, hekalu la Ramses wa Tatu huyohuyo. Maandishi yake yamechimbwa ndani sana, ngumi inaingia, ili mfalme ajaye asiweze kuyafuta na kuweka jina lake. Makarani wamechongwa wakihesabu malundo ya mikono iliyokatwa ya maadui. Huku fahari hii, kule mboga zimekosekana. Ukiyaona yote mawili mchana mmoja, hadithi inajisimulia yenyewe, na hakuna karatasi hata moja kati ya zile nne iliyoyaweka pamoja.

Kuhusu Nefertari, mke wa Ramses wa Pili, kaburi lake liko Bonde la Malkia. Kiingilio kimoja cha huko ni ghali kuliko siku nzima ya vingine, muda wa kukaa ndani ni dakika chache, na hufungwa kwa ukarabati. Uliza kama liko wazi kabla ya kulifanya ndilo sababu ya safari.

Dendera na Abydos

Hii ni siku ya vituo viwili tu, na kwa hesabu ya karatasi inaonekana kama wizi. Dendera iko kilomita 60 hivi kaskazini mwa Luxor, karibu na Qena. Abydos iko mbali zaidi, kama kilomita 160, upande wa mkoa wa Sohag. Ukienda Abydos kwanza na kurudi kwa Dendera utakaa garini karibu saa sita, mashamba ya miwa pande zote, punda, vizuizi vya polisi, matuta ya barabarani yasiyoisha. Mgongo utalalamika. Lakini vituo viwili kwa siku nzima maana yake kila kimoja unakipata saa mbili bila kusukumwa, na mabasi makubwa ni machache.

Dendera ni hekalu la mungu wa kike Hathor, la miaka ya mwisho ya mafarao, enzi za akina Ptolemy, wafalme wenye asili ya Kigiriki, na kwa hiyo liko zima: paa lipo, ngazi zipo, vyumba vya siri chini ya ardhi vipo. Zamani dari yake ilikuwa nyeusi tititi kwa masizi ya mioto ya waliowahi kuishi humo. Imesafishwa, na sasa ukiingia ukumbi wa nguzo 24 unatazama juu unakuta buluu ya anga. Kwenye ukuta wa nje, nyuma, Cleopatra mwenyewe amechongwa na mwanawe aliyezaa na Julius Caesar. Watu wanamtafuta Cleopatra kila mahali Misri na hawamwoni. Yuko hapa, ukubwa wa nyumba. Duara la nyota lililokuwa darini kwenye kijumba cha juu ni nakala. Lile la asili lilikatwa mwaka 1821 likapelekwa Paris, na leo liko Louvre.

Abydos ni kitu kingine. Ni hekalu la Seti wa Kwanza, na michongo yake imeinuliwa kutoka ukutani badala ya kuchimbwa, laini hadi misuli ya shavu la mguu wa mfalme inaonekana. Mwishoni mwa ujia mmoja kuna orodha ya wafalme 76, kila jina ndani ya kijiduara chake, na Seti amesimama na mwanawe mdogo, ambaye atakuwa Ramses wa Pili, wakiwatolea heshima. Ulitafute jina la Hatshepsut. Halimo. Tutankhamun naye hayumo. Wafalme wasiopendeza wamerukwa. Hapo ndipo ninaposisitiza mpangilio: mtu aliyesimama jana mbele ya merikebu za Punt, akijua ni nani aliyezituma, husimama mbele ya orodha ile na kifua kikambana. Aliyeanza na Abydos huona majina tu. Ng'ambo kwanza, Abydos kesho yake.

Kwa wazee ulinganisho huu una mshangao. Dendera, pamoja na umbali wote, ilikuwa rahisi kwa mama mdogo kuliko bonde: sakafu sawa, kivuli kingi, mahali pa kuketi. Ngazi za kwenda paani hulazimiki kuzipanda, ingawa zilivyo za polepole, vidato vifupi vilivyolika katikati, alizipanda zote. Kilichomchosha ni gari. Kwa mtoto mdogo ni kinyume chake: kwa Medinet Habu atakimbia, kwa saa sita za barabara atawatesa nyote.

Karnak na hekalu la Luxor

Siku ya mashariki siinunui kama ziara ya siku. Karnak ni kubwa kupindukia, ukumbi wake wa nguzo 134 unamfanya mtu ajisikie sisimizi kwenye shamba la mibuyu, na jiwe la Hatshepsut lenye karibu mita 30 bado limesimama licha ya waliotaka lisahauliwe. Lakini liko mjini. Teksi au kibasi kitakufikisha, mwongozaji wa saa mbili anatosha, na jioni unaingia hekalu la Luxor peke yako taa zikiwashwa. Humo tazama mlango wa zamani wa msikiti wa Abu Haggag: umening'inia ukutani juu ya vichwa vya watu, kwa sababu ulipojengwa hekalu lilikuwa limefukiwa na ardhi ilikuwa huko juu. Mama mdogo aliswali magharibi humo, ndani ya hekalu la farao, akasema hatasahau.

Mahekalu haya mawili yameunganishwa na njia ya sanamu za simba wenye vichwa vya watu na kondoo, karibu kilomita tatu, iliyofunguliwa upya Novemba 2021. Wengine huitembea yote. Mchana usijaribu.

Kama ndege inakushusha Cairo tu

Wengi wetu kutoka Nairobi, Entebbe au Dar hupita Cairo wakiunganisha ndege, na siku moja ya kusubiri haitoshi kwenda Luxor na kurudi kwa utulivu. Usilazimishe. Nenda Saqqara, kilomita 30 hivi kusini mwa jiji: piramidi ya ngazi ya Djoser, ya kwanza kujengwa kwa mawe, na makaburi ya maofisa kama Mereruka yaliyojaa uvuvi, viboko na ng'ombe wanaovuka mto. Rangi si kali kama za Luxor, ila maisha ya kila siku yamo mengi zaidi, na ukitoka bado unawahi piramidi za Giza kabla hazijafungwa.

Basi, mwongozaji wako, au teksi

Jambo ambalo halisemwi kwenye matangazo: ndani ya makaburi ya Bonde la Wafalme mwongozaji haruhusiwi kuhubiri. Anakueleza nje, kwenye kivuli, kisha unaingia peke yako. Kwa hiyo bondeni kuwa na mwongozaji wako binafsi hakukuongezei mengi. Basi la watu ishirini na la wawili huingia kimya vilevile. Kinachotofautiana ni saa ya kufika. Basi hukusanya watu hoteli kwa hoteli, gari lako huondoka unapotaka. Ila Abydos na Medinet Habu, ambako kila ukuta una kesi yake, mwongozaji mzuri ni nusu ya ziara, na hapo ndipo pa kuweka pesa.

Utamjuaje mzuri? Waongozaji Misri hupewa leseni na serikali, uliza kitambulisho. Kisha msikilize Abydos. Kuna boriti moja ya juu iliyo na alama zinazofanana na helikopta. Ukweli wake ni wa kawaida kabisa: Ramses wa Pili alichonga sifa zake juu ya zile za baba yake, plasta ikadondoka, maandishi mawili yakachanganyika. Anayekuonyesha akacheka na kukueleza hivyo, mshike. Anayekuanzia na helikopta kwa sauti ya siri, na Dendera akakupeleka chini kukuonyesha "balbu ya umeme" ambayo ni nyoka aliyetoka kwenye ua la yungiyungi, huyo ataitumia siku yako yote hivyo.

Njia ya tatu ni ya kwenda wenyewe. Pantoni ya wananchi huvuka kutoka karibu na hekalu la Luxor kwa nauli ndogo na dakika chache, baiskeli, akina mama na mikungu ya ndizi, kama Magogoni na Kigamboni. Ng'ambo teksi zinasubiri; mnapatana kwa siku, mnataja vituo vyote kabla ya kupanda, mnalipa mwisho. Ni ya bei ndogo na inakuachia uhuru wa kukaa Deir el-Medina hadi uchoke. Kinachokosekana ni mtu wa kukwambia usimame sebule ya kati, lakini hilo ushaambiwa.

Kwa njia yoyote kati ya hizo, beba kadi ya benki, maana madirisha mengi ya tiketi hayapokei tena fedha taslimu, na mwanafunzi abebe kitambulisho cha kimataifa apate nusu bei. Noti ndogondogo uwe nazo mfukoni kwa bakshishi. Neno ni letu pia, hakuna kisingizio cha kutolielewa. Walinzi wa makaburini watakuashiria kona "maalumu" na tochi. Ukifuata, umelipa. Ukisema "la, shukran" na kuendelea kutembea, wanaacha. Mama mdogo hawakumsumbua hata mara moja. Walimwita "hagga", maana j yao hutamkwa g, wakamtafutia kiti.

Msimu nao unachagua. Kuanzia Mei hadi Septemba joto hupita nyuzi 40, na siku ya ng'ambo inabidi iishe saa tano asubuhi. Kwa miezi hiyo Dendera, yenye paa na kivuli, inapanda daraja. Desemba na Januari geuza: asubuhi kuna baridi ya kuvalia sweta, na bonde linavumilika hadi mchana.

Sisi tulichukua ng'ambo siku ya kwanza kwa gari na mwongozaji, tukapumzika siku ya pili na Karnak ya jioni, na siku ya tatu Abydos na Dendera. Usiku wa kuamkia siku hiyo dereva alipiga tena. Mama mdogo hakutaka simu. Nikamwandikia ujumbe kwa tarakimu, 5:00, na picha ya jua linalochomoza, akajibu kwa kidole gumba. Saa kumi na moja alfajiri tulikuwa tumesimama nje ya hoteli na mifuko yetu ya mikate na mayai, na yeye ndiye aliyechelewa.